Mama anayenyonyesha naye apewe ukuta

MSOMAJI, siku utakaposhuka kutoka kwenye matatu mjini Migori au Homa Bay, hebu tazama kuta kabla ya kutazama watu. Duka hili limepakwa rangi ya kampuni ya simu kutoka msingi hadi paa. Lile la pili ni la soda, na la tatu linasifu sabuni. Kinyozi amechorewa vichwa vya vijana walionyolewa kwa mitindo yote, bucha ina picha ya ng'ombe mnene kuliko yeyote aliyewahi kuchinjwa hapo, na matatu uliyoshuka ina sura ya mchezaji kandanda wa Ulaya. Miji yetu huzungumza kwa rangi, na sote tumezoea kuisikiliza.

Sasa tafuta katika rangi hizo zote picha ya mama anayemnyonyesha mtoto wake. Ndani ya kliniki ya mama na mtoto huenda ukaipata, kwenye bango lililobandikwa nyuma ya mlango wa muuguzi. Lakini nje, mahali mama huyo anaposhinda mchana kutwa akitafuta riziki, utatafuta sana.

Hoja yangu leo ni hii: kaunti za Migori na Homa Bay zitenge kuta katika masoko, steji za magari, fuo za samaki na afisi za umma, zichorwe picha kubwa na nzuri za akina mama wakinyonyesha, na chini ya kila picha kuwe na benchi, kivuli na maji ya kunawa mikono. Najua kuna atakayecheka na kuuliza tangu lini daktari akawa mchoraji. Ninaomba anivumilie, kwani ninachozungumzia ni tiba.

AIBU HUZUIA MAZIWA

Maziwa ya mama hayakai ndani ya titi kama maji ndani ya mtungi, yakingoja kumiminwa. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni mbili. Ya kwanza, prolaktini, hutengeneza maziwa. Ya pili, oksitosini, huyasukuma yatoke. Hii ya pili ndiyo yenye tabia ya haya. Mama akiwa ametulia, akimtazama mwanawe, hata akisikia tu sauti yake akilia, maziwa hushuka. Akiwa na hofu, uchungu au aibu, maziwa hukawia kutoka ingawa yamo.

Sasa mfikirie mama aliyeketi kwenye matatu kutoka Rongo kwenda Homa Bay, mtoto analia, na mwanamume aliye kando yake amemkodolea macho. Mtoto anavuta, hapati. Analia zaidi. Abiria wanaguna. Aibu inazidi na maziwa yanazidi kukawia. Mwishowe chupa inatoka mkobani, na wengi humo garini wanashusha pumzi kana kwamba jambo limekwisha. Kumbe ndipo linapoanza.

Mtoto mchanga huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24. Mama anayeuza omena tangu alfajiri hadi jua litue, na ambaye hana mahali pa kuketi kwa starehe, ataruka zamu nne au tano za mtoto. Titi lisiponyonywa hupunguza kazi yake, maana lenyewe hufuata mahitaji. Likijaa bila kutolewa maziwa huvimba, huuma, na huweza kupata uambukizo unaompandisha mama homa. Akina mama wengi huniambia kliniki kwamba maziwa yao ni kidogo. Ninapouliza siku yao hupita vipi, mara nyingi ninagundua kwamba kilichopungua si maziwa bali ni mahali pa kunyonyeshea.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Kenya imepiga hatua kubwa katika hili. Kwa mujibu wa takwimu za kitaifa za afya na idadi ya watu, watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka wa 2003. Walifika asilimia 32 mwaka wa 2008-09, na asilimia 61 mwaka wa 2014. Haya ni mafanikio ya wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na akina mama wenyewe. Lakini tazama kilichofuata: mwaka wa 2022 tulikuwa asilimia 60. Tumepanda mlima upesi, kisha tumeketi.

Kwa nini tumeketi? Kwa maoni yangu, yale yanayoweza kufanywa ndani ya hospitali na ndani ya nyumba tumeyafanya kwa sehemu kubwa. Mama amefundishwa, ameelewa, amekubali. Kisha anatoka nje kwenda sokoni, na huko nje hakuna kinachomwambia kwamba alilofundishwa linaruhusiwa.

SHERIA ILIPOISHIA

Nchi yetu haina upungufu wa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu na mshahara kamili. Sheria ya mwaka wa 2012 kuhusu vyakula vinavyotumiwa badala ya maziwa ya mama inazuia kampuni kuvitangaza kwa umma. Nayo Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka kila mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea chenye viti, meza, mahali pa kunawa mikono na pa kuhifadhia maziwa yakiwa baridi. Isitoshe, inampa mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, bila kugusa muda wake wa chakula.

Ni sheria nzuri. Lakini ninauliza: mwajiri wa mwanamke anayepanga mafungu ya omena pale Sori au Mbita ni nani? Mwajiri wa mama mboga wa Oyugis ni nani? Mama anayesafiri usiku kwa basi kutoka Migori hadi Nairobi atadai chumba kwa nani? Sheria imemfuata mwanamke wa afisini hadi kwenye kiti chake, lakini imemwacha wa sokoni juani. Na katika kaunti hizi mbili, wa sokoni ndio wengi.

Wala tusidhani kwamba walio mjini wamepona. Mwezi wa Mei mwaka wa 2018, mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe katika mkahawa jijini Nairobi alilalamika kwamba alifukuzwa pale mezani na kuelekezwa akanyonyeshee chooni. Akina mama wenzake waliandamana barabarani wakiwa na watoto wao kumtetea. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Agosti, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, Bi Zuleika Hassan, aliingia katika Bunge la Taifa akiwa amembeba binti yake wa miezi mitano, akatolewa nje. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya Wiki ya Kunyonyesha Duniani. Ikiwa mheshimiwa aliyechaguliwa na kaunti nzima anaweza kuonyeshwa mlango, sembuse mchuuzi wa viazi vitamu?

Hebu fikiria agizo lile la chooni. Hakuna mtu mzima atakayekubali kupelekewa sahani yake ya samaki na ugali chooni. Lakini mtoto wa miezi mitatu, ambaye kinga yake ya mwili bado ni changa, ndiye anayetakiwa kula humo.

SABABU YA ZIADA

Kuna jambo linaloifanya Migori na Homa Bay kuwa tofauti na kaunti nyingine, nami sitalizunguka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima 100 wa Homa Bay, takriban 20 waliishi na virusi vya HIV. Migori walikuwa kama 13. Wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu 5. Hapa kunyonyesha hadharani kulipata maana ambayo haikuwapo awali.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka. Katika miaka ya 1990 ilibainika wazi kwamba virusi hivi vinaweza kupita katika maziwa ya mama. Utafiti wa Profesa Ruth Nduati na wenzake jijini Nairobi, uliochapishwa mwaka wa 2000, ulionyesha kwamba watoto wengi zaidi waliambukizwa miongoni mwa walionyonya kuliko miongoni mwa waliopewa maziwa ya kopo. Hata hivyo, idadi ya waliofariki kabla ya kufikisha miaka miwili ilikaribiana katika makundi yote mawili. Mwaka wa 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walikuwa wameonyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mtoto aliyechanganyiwa, yaani aliyepewa maziwa ya mama pamoja na vitu vingine mapema, kuliko kwa aliyenyonya maziwa ya mama pekee.

Kisha dawa za ARV zikabadili kila kitu, na sehemu ya ushahidi huo ilitoka hapa hapa Nyanza. Utafiti wa Kisumu uliosajili akina mama 522 kati ya mwaka wa 2003 na 2006, wakatumia dawa wakiwa wajawazito na katika miezi sita ya kunyonyesha, ulipata kwamba watoto walioambukizwa kufikia miezi 24 walikuwa 7 kati ya kila 100. Baadaye, uchunguzi mkubwa zaidi katika nchi kadhaa za Afrika na India ulionyesha kwamba mama anapotumia dawa ipasavyo wakati wote anaponyonyesha, hatari hiyo hushuka chini ya mtoto mmoja kati ya 100. Ndiyo sababu ushauri wa leo, kwa mama anayeishi na HIV na anayetumia dawa zake vyema, ni kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita na kuendelea hadi miaka miwili pamoja na vyakula vingine.

Sayansi imekimbia, lakini minong'ono ya sokoni hutembea polepole. Katika ile miaka ya maziwa ya kopo, watu walijifunza kumsoma mama kwa kutazama mkono wa mtoto. Aliyetoa chupa hadharani alidhaniwa kuwa na virusi. Naye aliyejulikana kuwa na virusi, akitoa titi, aliambiwa anamuua mtoto. Minong'ono hiyo haijaisha. Kwa hiyo kuna mama aliyebanwa pande zote mbili: akinyonyesha ananyoshewa kidole, asiponyonyesha anashukiwa. Anachofanya ni kile kile tunachokihofia zaidi. Nyumbani, faraghani, ananyonyesha. Sokoni anampa mtoto uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe. Huko ndiko kuchanganya. Utumbo mchanga unakwaruzwa na vyakula visivyo vyake, mtoto anahara, na mlango wa maambukizi unafunguka, hasa ikiwa mama ameanza kuruka dawa.

Ndipo ninaposema ukuta unaweza kufanya kazi ambayo mdomo wa daktari hauwezi. Mimi nikimwambia mama mmoja mmoja chumbani kwangu anyonyeshe bila hofu, jirani yake hajanisikia. Ukuta humwambia mama na jirani kwa wakati mmoja. Hugeuza jambo la mama mmoja kuwa desturi ya mji, na mtu akifanya desturi ya mji hana sababu ya kuulizwa.

SI MGENI KWETU

Kuna wanaodhani kumweka mama na mtoto hadharani kwa sanaa ni fikira za kigeni. Si kweli. Sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala tangu mwaka wa 1962, ambayo huenda ndiyo sanamu inayojulikana zaidi Uganda, ni ya mama aliyeviringwa vitambaa, akimwinua mtoto juu, mikono ya mtoto ikiwa imepaa. Aliyeifinyanga ni Gregory Maloba, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya. Nchi ilipotaka picha ya kuonyesha maana ya kuzaliwa upya, haikuchagua jenerali juu ya farasi. Ilichagua mama na mtoto.

Sisi nasi tunajua kuheshimu watu kwa sanamu. Tangu mwaka wa 2011 Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Kisiwa cha Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay, anasimama kwa shaba katika Barabara ya Moi jijini Nairobi. Anastahili, nami hujivuna kila nipitapo. Lakini kila aliyepata sanamu alilelewa kwanza kifuani mwa mtu, na mtu huyo bado hana hata ukuta wa soko.

Kuhusu dini, ambayo wengi hapa huishika kwa dhati, nitasema machache. Wachoraji wa Kikristo wa Ulaya walimchora Bikira Maria akimnyonyesha Yesu kwa karne nyingi, na picha hizo ziliwekwa makanisani, mbele ya waumini. Marehemu Papa Francis, alipokuwa akibatiza watoto katika Kanisa dogo la Sistine, ambalo kuta na dari zake zote ni michoro, aliwaambia akina mama zaidi ya mara moja wawanyonyeshe wanao papo hapo iwapo wana njaa. Kwa ndugu zetu Waislamu wa Kendu Bay na kwingineko, Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Sijaona dini inayotaka mtoto alie kwa njaa ili mtu mzima asione haya.

PICHA YENYEWE IWEJE?

Hapa ndipo daktari na mchoraji wanapaswa kuketi pamoja. Mchoraji ana mkono, lakini muuguzi anajua mtoto hushikaje titi. Picha iliyochorwa vibaya hufundisha vibaya, maana mama mwenye mimba ya kwanza ataiiga.

Basi mtoto achorwe mwili umenyooka, tumbo lake likigusana na la mama, mdomo wazi kabisa, kidevu kikiwa kimegusa titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu ikiwa ndani ya mdomo. Mtoto anayeshika ncha ya chuchu peke yake humjeruhi mama na hashibi. Mama asichorwe ameinamia mtoto kwa shida, bali mtoto ainuliwe aletwe kifuani. Uso wa mama utazame mbele kwa utulivu. Tafadhali asichorwe ameinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa.

Pili, achorwe mahali alipo kweli. Ufuoni, nyuma yake kuwe na mashua na omena iliyoanikwa. Awendo kuwe na miwa. Katika steji kuwe na basi na makanga. Watu wengine kwenye picha waendelee na shughuli zao: huyu anapima mchele, yule anakunja gazeti. Hilo ndilo somo kuu la picha nzima, kwamba hakuna anayeshangaa. Na mwanamume awepo, amembebea mama kikapu au amemshikia mtoto mkubwa mkono. Kunyonyesha hadharani si kazi ya matiti peke yake. Ni kazi ya macho ya wapita njia, na macho mengi yanayosumbua ni yetu wanaume.

Tatu, kuna akina mama ambao kwa sababu za kiafya hawawezi kunyonyesha, na kuna nyanya waliobaki na wajukuu yatima. Kaunti hizi zinawajua nyanya hao vizuri. Ukuta usiwahukumu. Katika pembe ya picha hiyo hiyo achorwe nyanya akimnywesha mtoto kwa kikombe safi, ambacho ni rahisi kuoshwa kuliko chupa. Benchi ni la kila anayemlisha mtoto.

Nne, na hili ninalisisitiza: picha ya sokoni isiwekwe utepe mwekundu wala neno lolote la HIV. Tukifanya hivyo, kesho benchi lile litaitwa benchi la wagonjwa, na hakuna mama atakayeketi hapo. Ujumbe wa dawa ubaki katika ukuta wa kliniki na kinywani mwa akina mama washauri, wale wanaoishi na virusi na ambao wameshawalea watoto wasio navyo. Ukuta wa sokoni uwe wa akina mama wote, na kwa kuwa ni wa wote, utamfunika yule anayehitaji kufunikwa.

Maneno yawe machache, kwa lugha ya mahali: Kijaluo pwani ya ziwa, Kikuria kule Kehancha, Kiswahili katika steji ambako sote tunakutana. "Nyonyesha hapa, karibu" yatosha.

Mwisho, picha isiyo na benchi ni porojo. Mama hawezi kukalia rangi. Benchi liwe na mahali pa kuegemea mgongo, na liwe fupi kiasi cha miguu yake kufika chini. Paa la mabati linatosha kwa kivuli. Maji yatiririke kutoka kwenye mtungi wenye mfereji. Mama anayependa faragha naye ajengewe kijichumba, picha ikiwa mlangoni, lakini asilazimishwe kuingia humo.

WANAOPINGA

Swali la kwanza nitakaloulizwa ni la pesa. Hospitali zina upungufu wa dawa, nawe wataka tununue rangi? Jibu langu ni kwamba rangi ya mafuta inayovumilia mvua na kuoshwa si ghali ukilinganisha na kumlaza mtoto mmoja mwenye kuhara na utapiamlo wodini kwa wiki mbili. Tena, mwaka wa 2025 Marekani ilipokatiza ghafla sehemu kubwa ya misaada yake ya afya, sote tuliona jinsi shughuli zinazotegemea hisani ya wengine zinavyoweza kuyumba kwa siku moja. Ukuta haungoji barua kutoka ng'ambo.

Wa pili atasema mila haziruhusu. Ningependa kujua ni mila zipi. Katika masoko ya mashambani akina mama wamenyonyesha chini ya miti miaka nenda miaka rudi bila mtu kugeuza shingo. Aibu hii inazidi kadiri unavyokaribia mlango wa kioo, benki, mkahawa wenye vitambaa mezani. Tusiibandike mila jina la jambo ambalo ni la mjini.

Wa tatu, ambaye ninamheshimu, atasema picha peke yake haibadilishi tabia. Anasema kweli. Asilimia 13 haikuwa 61 kwa sababu ya michoro. Ilikuwa kwa sababu ya mafunzo, sheria na miguu ya wahudumu waliotembea nyumba kwa nyumba. Nami siombi ukuta uchukue nafasi yao. Ninaomba wanapomaliza kumfundisha mama nyumbani, aukute ukuta sokoni unaokubaliana nao.

NANI AFANYE?

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti huduma za afya za kaunti, masoko, shughuli za kitamaduni na usimamizi wa matangazo ya nje. Mambo yote manne tunayohitaji yamo katika mkono mmoja. Waziri wa afya wa kaunti hahitaji kuandika Nairobi. Anahitaji kuvuka ukumbi hadi kwa mwenzake wa biashara. Homa Bay ilimchagua Bi Gladys Wanga mwaka wa 2022 kuwa gavana wake wa kwanza mwanamke. Nadhani hoja hii haitahitaji kutafsiriwa kwake. Migori nayo isikubali kuachwa nyuma na jirani.

Wachoraji tunao, ndio hao wanaopamba matatu na vinyozi. Walipwe ujira wao. Kamati za fuo na za masoko zichague ukuta na ziutunze, kwa maana ukuta usio na mwenyewe hubandikwa mabango ya siasa kabla rangi haijakauka. Na kuna watu wawili wasiokaribishwa. Wa kwanza ni kampuni yoyote ya maziwa ya kopo itakayojitolea kulipia rangi, kwani sheria ya 2012 ilitungwa kwa ajili ya ukarimu kama huo. Wa pili ni mheshimiwa atakayetaka sura yake ichorwe kando ya mtoto. Mtoto huyo hana kura.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti, tunaadhimisha Wiki ya Kunyonyesha Duniani. Hema husimamishwa, fulana hugawiwa, hotuba husomwa. Tarehe 8 hema hung'olewa, na mama wa omena anarudi juani na mtoto wake. Napendekeza Agosti ijayo pesa za hema moja katika kila kaunti zinunue rangi, mabati na mbao za benchi.

Nawe msomaji, usingoje kaunti. Kama una duka, una ukuta. Kama una mkahawa, una kiti cha pembeni. Na kama huna chochote kati ya hivyo, una macho, na waweza kuyaelekeza kwingine mtoto anapokula.